Fasili za Sumakuumeme na Nyuklia: Mwongozo Kamili kwa Kidato cha Tano na Sita

Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PCB (fizikia, kemia, biolojia) akifika kidato cha sita, daftari lake limejaa fasili. Nyingi amezimeza neno kwa neno, na bado swali la alama mbili linampa moja. Ukisoma majibu ya namna hiyo utaona sentensi imeanza vizuri, halafu imekatika kabla ya kutaja sharti lake: waya ulipaswa kuwa wima kwa uga, chaji ilipaswa kuwa chanya, atomu ilipaswa kuwa ya kaboni-12. Neno lililoachwa ndilo lenye alama.

Fasili ya fizikia ni maelezo ya kipimo. Inakwambia upime nini, ugawanye kwa nini, na ufanye hivyo katika hali gani. Anayeielewa hivyo haogopi kuisahau, kwa sababu anaweza kuiunda upya palepale kwenye chumba cha mtihani. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, na mifano yake nimeitoa huku kwetu Dodoma na Singida, kwa kuwa fizikia yote ya silabasi ipo hapa: kwenye nyaya za kituo cha umeme cha Zuzu, kwenye reli, kwenye mapango ya Kondoa na kwenye udongo wa Bahi na Manyoni.

Hatua ya kwanza: tambua unaulizwa fasili ya kitu gani

Kabla hujaandika neno, jiulize kinachofasiliwa ni kiasi, kizio, kanuni au tukio. Kiasi, kama uga wa umeme au nusumaisha, hufasiliwa kwa namna kinavyopimwa. Kizio, kama tesla au bekereli, hufasiliwa kwa kutaja namba moja moja: mita 1, ampea 1, newtoni 1. Kanuni hueleza uhusiano kati ya viasi viwili na masharti yake. Tukio, kama mpasuko wa nyuklia, hufasiliwa kwa kueleza kinachotokea na kinachotoka.

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anaulizwa "tesla ni nini" anajibu "ni kizio cha uga wa sumaku". Si uongo, lakini hajafasili chochote.

Hatua ya pili: tafuta "kwa kila"

Karibu kila kiasi cha sumakuumeme ni mgawanyo. Ukikumbuka mlinganyo, fasili umeshaipata: cha juu kinatajwa kwanza, kinafuata "kwa kila kizio kimoja cha", kisha kile cha chini, kisha sharti.

Anza na uga wa umeme. E = F/q, kwa hiyo uga wa umeme mahali fulani ni kani kwa kila kizio kimoja cha chaji, inayoipata chaji ndogo chanya iliyowekwa mahali hapo. Maneno "ndogo" na "chanya" yana kazi. Chaji ikiwa kubwa itazisukuma chaji zilizotengeneza uga wenyewe, nawe utapima uga ulioharibiwa na kipimo chako. Chanya inaweka mwelekeo, maana chaji hasi ingesukumwa upande wa pili. Kizio ni N/C, na ukikokotoa vizuri utaona ni sawa kabisa na V/m.

Potensheli ya umeme inafuata mkondo huo huo: ni kazi kwa kila kizio cha chaji chanya, inayofanyika kuileta chaji hiyo kutoka umbali usio na mwisho hadi mahali husika. Tofauti ya potensheli ni kazi hiyo kati ya nukta mbili. Kapasitansi ni chaji kwa kila volti moja ya tofauti ya potensheli. Hapa hapana mtego, pita.

Penye mtego ni e.m.f. (electromotive force) na tofauti ya potensheli. Zote mbili ni jouli kwa kulombi, zote zinapimwa kwa volti, na ndiyo maana wanafunzi huzichanganya. Tofauti iko kwenye mwelekeo wa nishati. E.m.f. ni nishati ambayo chanzo hugeuza kutoka aina nyingine, kwa mfano ya kikemikali, kuwa ya umeme, kwa kila kulombi inayozunguka saketi nzima, ukihesabu na ndani ya chanzo chenyewe. Tofauti ya potensheli ni nishati ya umeme inayogeuzwa kuwa aina nyingine kwa kila kulombi inayopita kati ya nukta mbili. Angalia taa za gari mtu anapopiga stata: zinafifia. Chukua betri yenye e.m.f. ya volti 12.6 na ukinzani wa ndani wa omu 0.02. Stata ikivuta ampea 150, volti 3 zinapotelea ndani ya betri yenyewe (150 × 0.02), na kwenye vichwa vya betri zinabaki 9.6. E.m.f. haijabadilika. Kilichoshuka ni tofauti ya potensheli, na taa zinaishi kwa hiyo.

Hatua ya tatu: usiache sharti, hasa kwenye sumaku

Msongamano wa fluksi ya sumaku, B, ni kani kwa kila kizio cha mkondo kwa kila kizio cha urefu, inayoupata waya uliolazwa wima kwa uga, yaani kwa pembe ya digrii 90. Mlinganyo ni B = F/IL. Ukiacha sharti la pembe, fasili imekufa, kwa sababu waya ulio sambamba na uga haupati kani yoyote hata ubebe ampea elfu moja.

Tesla basi inajiandika yenyewe: ni msongamano wa fluksi ambamo waya wa mita 1, unaobeba ampea 1, ukiwa wima kwa uga, hupata kani ya newtoni 1.

Tesla moja ni kubwa mno. Uga wa dunia huwa kati ya mikrotesla 25 na 65, na huku karibu na ikweta tupo upande wa chini. Sasa tuutumie. Njia ya umeme wa msongo mkubwa wa kilovolti 400 inatoka Iringa, inapita Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, waya mmoja kati ya nguzo mbili una mita 400, kwa wakati fulani unabeba ampea 500, na umekatiza wima uga wa mikrotesla 30. Kani ni 0.00003 × 500 × 400 = newtoni 6. Huo ni uzito wa kitu cha gramu 600 hivi, umegawanywa kwenye waya wenye uzito mara nyingi zaidi ya hapo, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, kani hiyo inageuka upande mara 100 kila sekunde. Ndiyo maana huoni waya ukiyumba kwa sababu ya dunia. Upepo ndio unaouyumbisha. Fanya hesabu ya namna hii kwa kila kizio unachojifunza. Ukishaona tesla ina ukubwa gani, hutaandika jibu la tesla 5000 ukaliacha.

Kuhusu ampea kuna jambo linalowachanganya wengi. Madaftari yaliyorithiwa yana fasili ya nyaya mbili sambamba, nyembamba, zisizo na mwisho, zilizo mita 1 mbalimbali kwenye ombwe, zinazopeana kani ya newtoni 2 × 10⁻⁷ kwa kila mita. Fasili hiyo ilikubaliwa mwaka 1948, ikatumika rasmi hadi 20 Mei 2019. Tangu siku hiyo ampea inatokana na chaji ya elektroni, ambayo thamani yake imefungwa kuwa 1.602176634 × 10⁻¹⁹ C. Zijue zote mbili. Ile ya nyaya bado inatoka moja kwa moja kwenye mlinganyo wa kani kati ya mikondo sambamba, na maswali yanaupenda mlinganyo huo.

Fluksi, Faraday na Lenz

Fluksi ya sumaku ni zao la eneo na sehemu ya B iliyo wima kwa eneo hilo: Φ = BA cos θ. Pembe θ hupimwa kati ya uga na mstari uliosimama wima juu ya uso, si kati ya uga na uso wenyewe. Chora mshale huo kila mara kabla ya kukokotoa. Koili yenye mizunguko N ina muunganiko wa fluksi NΦ.

Kanuni ya Faraday, ya mwaka 1831, inasema e.m.f. inayozalishwa ni sawia na kasi ya kubadilika kwa muunganiko wa fluksi. Neno la kulinda ni "kasi ya kubadilika". Fluksi kubwa iliyotulia haitoi hata millivolti moja. Koili ya mizunguko 200 yenye eneo la mita za mraba 0.01, ikiwa ndani ya uga wa tesla 0.05, ina muunganiko wa weba 0.1. Ichomoe kwa sekunde 0.1, utapata wastani wa volti 1. Ichomoe kwa sekunde 0.01, utapata volti 10, kwa koili ileile na sumaku ileile. Pale kwenye bwawa la umeme la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, maji hayafanyi lingine zaidi ya kuhakikisha fluksi haitulii.

Kanuni ya Lenz ya mwaka 1834 inatoa mwelekeo: mkondo unaozalishwa huelekea upande unaopinga badiliko lililouzalisha. Wengi huandika "hupinga fluksi". Si sahihi. Kinachopingwa ni ubadilikaji. Fluksi ikipungua, mkondo hujaribu kuiendeleza, kwa hiyo uga wake huelekea upande uleule wa fluksi ya mwanzo. Ukiulizwa sababu, jibu ni kuhifadhika kwa nishati: kama mkondo ungesaidia badiliko, sumaku ingevutwa kwa kasi zaidi na zaidi, nawe ungepata umeme bila kufanya kazi.

Jambo hili liguse kwa mkono. Muombe fundi friji kipande cha bomba la shaba, tafuta kisumaku kidogo chenye nguvu kinachopita ndani yake kwa nafasi ndogo, kiachie kutoka juu. Shaba haivutwi na sumaku, hata ukiisogeza karibu. Lakini kisumaku kitashuka polepole kuliko jiwe la ukubwa uleule, kwa sababu mikondo inayozunguka kwenye ukuta wa bomba inapinga kila hatua yake. Rudia jaribio hilohilo kwa bomba la plastiki la unene uleule na ulinganishe. Mikondo ya namna hii ndiyo inayopasha joto chuma cha transfoma, na ndiyo sababu chuma hicho hutengenezwa kwa bamba nyembamba zilizotengwa kwa varnishi badala ya kipande kimoja kizima.

Uindaktansi wa koili ni e.m.f. inayozalishwa ndani yake kwa kila kizio cha kasi ya kubadilika kwa mkondo wake yenyewe. Henri 1 ni pale mkondo unaobadilika kwa ampea 1 kila sekunde unapozalisha volti 1. Uindaktansi wa pamoja ni hivyohivyo, ila mkondo unabadilika kwenye koili moja na e.m.f. inapimwa kwenye nyingine. Hapo umeshaifasili kazi ya kila transfoma ya kituo cha kupoza umeme cha Zuzu.

Thamani ya r.m.s. (root mean square) ya mkondo geu ni thamani ya mkondo mnyoofu ambao ungetoa joto kwa kiwango kilekile kwenye kikinzani kilekile. Usiandike "ni kilele gawanya kwa mzizi wa 2": hiyo ni kanuni ya kukokotoa, na inafaa kwa wimbi la sain pekee. Volti 230 za nyumbani ni r.m.s.; kilele chake ni 325. Treni ya umeme ya SGR inayofika Dodoma inatumia kilovolti 25, nayo ni r.m.s., kwa hiyo waya wa juu ya reli hufika karibu kilovolti 35.4 kwenye kilele. Kihami lazima kistahimili kilele, si r.m.s.

Hatua ya nne: kwenye nyuklia, linda neno moja moja

Namba ya protoni na namba ya nyukleoni utazipata popote. Isotopu ni atomu za elementi moja, zenye protoni sawa na nyutroni tofauti. Kizio cha tungamo la atomu, u, ni sehemu moja ya kumi na mbili ya tungamo la atomu moja ya kaboni-12. Andika "atomu", usiandike "kiini", na usiisahau 12.

Nishati fungamanishi ndiyo fasili inayoharibiwa kuliko zote. Jibu la kawaida ni "nishati inayoshikilia kiini pamoja", kana kwamba imehifadhiwa ndani. Kinyume chake ndicho kweli. Ni nishati inayohitajika kukitenganisha kiini kabisa kuwa protoni na nyutroni moja moja. Kiini hakina nishati hiyo. Kiliitoa kilipoundwa, na ndiyo maana ni chepesi kuliko vipande vyake. Tofauti hiyo ni upungufu wa tungamo.

Tazama heliamu-4. Protoni mbili za u 1.007276 na nyutroni mbili za u 1.008665 zinajumlisha u 4.031882. Kiini chenyewe kina u 4.001506. Upungufu ni u 0.030376. Zidisha kwa 931.5, kwa kuwa u 1 ni sawa na MeV 931.5, upate MeV 28.3, gawanya kwa nyukleoni 4 upate MeV 7.07 kwa kila moja. Kwenye chuma-56 namba hiyo hufika karibu 8.8, jirani kabisa na kilele cha grafu ya nishati fungamanishi kwa kila nyukleoni dhidi ya namba ya nyukleoni. Kutoka hapo fasili mbili zinajieleza. Mpasuko wa nyuklia ni kiini kizito kugawanyika kuwa viwili vyenye ukubwa wa kukaribiana, huku kikitoa nyutroni na nishati. Muungano wa viini ni viini vyepesi kuungana kuwa kizito zaidi, nishati ikitoka. Vyote viwili huelekea kwenye kilele kilekile, kimoja kikitokea kulia na kingine kushoto.

Kuoza kwa kiini, au unururifu, ni kiini kisicho imara kutoa mionzi ya alfa, beta au gama chenyewe na kwa bahati nasibu. "Chenyewe" maana yake joto, kanieneo na kemia havikiharakishi wala kukichelewesha. "Kwa bahati nasibu" maana yake huwezi kutabiri kiini kipi kitafuata. Ukiulizwa ueleze maneno hayo mawili, yaeleze kila moja peke yake.

Konstanti ya kuoza, λ, ni uwezekano wa kiini kimoja kuoza kwa kila kizio cha muda. Aktiviti ni idadi ya viini vinavyooza kwa kila sekunde, A = λN, na bekereli 1 ni kiini kimoja kwa sekunde. Nusumaisha ni wastani wa muda ambao nusu ya viini ambavyo havijaoza huoza. Usiandike "muda wa kitu kubaki nusu". Kitu hakipungui nusu. Viini vilivyooza vimegeuka viini vya aina nyingine na bado vipo mezani.

Ili uione bahati nasibu, kusanya visoda 100. Virushe, toa vyote vilivyolala na tumbo juu, hesabu vilivyobaki, rusha tena. Chora idadi dhidi ya mrusho. Mstari utateremka kwa umbo lile la kitabuni, lakini ukirudia hutapata namba zilezile. Soma nusumaisha kwenye grafu yako, usitumie 0.693/λ, kwa kuwa mlinganyo huo unadai uwezekano uwe mdogo sana katika kila kipindi, na kwa visoda ni mkubwa.

Hatua ya tano: jaribu kila fasili kwa namba ya kweli

Bahi na Manyoni zimefanyiwa utafutaji wa urani, na watu huuliza kama udongo wetu ni hatari. Anza na gramu 1 ya urani-238. Idadi ya viini ni 6.02 × 10²³ gawanya kwa 238, yaani 2.53 × 10²¹. Nusumaisha ni miaka bilioni 4.47, sawa na sekunde 1.41 × 10¹⁷, kwa hiyo λ ni 4.9 × 10⁻¹⁸ kwa sekunde. Zidisha: karibu bekereli 12,400. Viini elfu kumi na mbili kila sekunde vinasikika vingi, lakini kwa kasi hiyo gramu hiyo itahitaji umri unaokaribia wa dunia nzima kupunguza viini vyake nusu. Nusumaisha ndefu humaanisha aktiviti ndogo kwa idadi ileile ya viini. Tekniti-99m ya hospitalini iko upande wa pili: nusumaisha yake ni saa 6, na baada ya saa 24 imebaki moja ya kumi na sita.

Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, inatoa swali zuri la kaboni-14, yenye nusumaisha ya miaka 5,730. Tuseme mkaa uliochimbwa chini ya mwamba una robo ya aktiviti ya mti ulio hai. Zimepita nusumaisha mbili, miaka 11,460. Lakini tarehe hiyo ni ya mti kufa. Rangi nyekundu ya mchoro hutokana na udongo wenye oksidi ya chuma, hauna kaboni ya kupimwa, kwa hiyo mkaa hauithibitishi tarehe ya mchoro ulio juu yake. Mwanafunzi anayejua fasili hulitaja hilo bila kuulizwa.

Mwisho, tenga vipimo vitatu vya mionzi. Bekereli huhesabu kuoza kwenye chanzo. Greyi ni jouli 1 ya nishati iliyofyonzwa na kila kilo ya mwili. Siveti huzidisha greyi kwa uzito wa madhara ya aina ya mionzi: gama kwa 1, alfa kwa 20. Kwa hiyo greyi 0.01 ya alfa ndani ya mapafu ni siveti 0.2, wakati greyi 0.01 ya gama ni siveti 0.01. Ndiyo sababu vumbi la urani hulindwa lisivutwe puani, ingawa alfa hiyohiyo ikiwa nje ya mwili huzuiwa na ngozi.